Anko, Rangi ya Kucha Zangu na ya Magari Yako ni Ndugu

Desemba iliyopita tulikuwa ushago kwa shosho. Familia yote imejaa, mbuzi iko motoni, na mimi nimekaa kwa stuli nikimenya viazi. Kucha zangu zilikuwa nyekundu. Nilizipaka mwenyewe usiku wa kuamkia safari, kejani kwangu, tochi ya simu ikinisaidia kwa sababu stima ilikuwa imepotea. Anko wangu akapita, akasimama, akaangalia mikono yangu, kisha akasema kwa sauti iliyofika hadi kwa wale wa nyama choma: "Kwa hivyo uliacha chuo ndio ukuje kupaka kucha?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, kwa sababu usipocheka hapo ndio inakuwa kesi. Lakini iliniuma, na nitawaambia kwa nini. Huyu anko ndiye alilipa karo yangu ya semista ya kwanza. Hakuitisha harambee, hakutangaza kwa grupu ya familia, alitoa tu. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, pesa zikiwa zimeisha na mimi mwenyewe nikiwa nimeisha, hakuniuliza lolote. Hilo la kucha ndilo lilikuwa swali lake la kwanza.

Sasa, kuna jambo moja kuhusu anko. Yeye kazi yake ni kupaka magari rangi. Ana gereji kule Kariobangi Light, na akikukaribia, hata akiwa na suti ya harusi, unasikia harufu ya thina. Harufu hiyohiyo ndiyo ilikuwa imejaa kejani kwangu usiku ule nikipaka kucha. Siku hiyo sikumjibu. Lakini niliporudi Nairobi nilianza kusoma, kila bando ilipopatikana, hii rangi ya kucha imetoka wapi. Hili ndilo jibu langu. Ni refu, vumilieni.

Tuanze na jina. Ukienda dukani mtaani kwetu, husemi "naomba rangi ya kucha". Unasema "nipe Cutex". Hata kama chupa yenyewe imeandikwa jina lingine kabisa, hata kama imetoka China juzi, ni Cutex. Vijana wanaotembea na vikapu sokoni wakipaka akina mama kucha, nao wanauza "Cutex". Mimi nilikua nikidhani ni neno la Kiswahili kama vile sabuni.

Cutex ni kampuni ya Marekani. Ilianzishwa na mtu anaitwa Northam Warren, na bidhaa yake ya kwanza, mwaka 1911, haikuwa rangi. Ilikuwa maji ya kulainisha ile ngozi nyembamba inayozunguka shina la ukucha, ili mtu asiikate kwa makasi akajiumiza. Ngozi hiyo kwa Kiingereza ndiyo imezaa jina Cutex. Rangi ya maji ilikuja baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1910. Kabla ya hapo, wanawake wa kule waliokuwa na nafasi walikuwa wanasugua kucha kwa unga na kipande cha ngozi laini hadi zing'ae, vile wewe unasugua kiatu cha shule.

Saluni za kucha zilikuwepo tayari. Mwaka 1878 mama mmoja, Mary Cobb, alifungua duka la kutengeneza kucha mjini New York, na wateja wa maduka kama hayo walikuwa watu wenye pesa zao. Kile Cutex walifanya ni kulipeleka jambo hilo nyumbani. Matangazo yao magazetini yaliwafundisha wanawake hatua kwa hatua namna ya kujitengeneza kucha wenyewe, na kwa senti chache ungetumiwa kifurushi kidogo cha majaribio kwa posta. Yaani zile video zetu za "njoo nikuonyeshe ninavyopaka kucha", kuna watu walizifanya kwa maandishi zaidi ya miaka 100 iliyopita. Kwa hivyo mtu akisema kujipaka kucha nyumbani ni kukosa pesa ya saluni, mimi nakubali, sina hiyo pesa. Lakini ajue kwamba jina analotumia kuitia ile chupa lilitokana na kampuni iliyokua kwa kuwauzia watu wa nyumbani.

Na sisi huku hatukungoja chupa kutoka Marekani. Nilipokuwa mdogo tuliishi Pumwani, karibu na Majengo, na jirani yetu alikuwa nyanya mmoja Mswahili ambaye watoto wote wa ploti walimwita Nyanya tu. Kabla ya Idi alikuwa anatupaka hina. Anachanganya unga wa hina na limau na chai ya rangi, anauacha, kisha anatuwekea juu ya kucha na ncha za vidole na kutufunga kwa vipande vya plastiki. "Lala na mikono juu," alikuwa anasema. Asubuhi unabandua, vidole viko rangi ya chungwa, na kufikia jioni vimekolea vikawa kama kutu.

Hina haifanyi kazi kama rangi ya chupa. Ndani ya jani lake kuna kitu kinachoshikana na keratini, na keratini ndiyo inayounda kucha na nywele zetu. Kwa hivyo haikai juu ya ukucha kama koti, inaingia. Haibanduki. Inaondoka tu ukucha unapokua, na ukucha wa mkono unakua kama milimita 3 kwa mwezi, kwa hivyo utakaa karibu nusu mwaka kabla wote haujabadilika. Ndio maana pia wanawake wengi Waislamu, kuanzia Lamu na Mombasa hadi hapo Majengo, wanapenda hina kuliko Cutex. Rangi ya chupa inaweka utando unaozuia maji ya udhu yasifike kwenye ukucha, na hina haiweki.

Mbali huko Korea, watu wanasaga maua ya mbalsamu pamoja na shabu, wanaweka juu ya kucha, wanafunga na kulala nayo. Wanasema rangi ikibaki hadi theluji ya kwanza ianguke, utampata mpenzi wako wa kwanza. Nikiisoma hiyo nilimkumbuka Nyanya wa Pumwani, kwa sababu kazi ni ileile. Unasaga kitu cha shambani, unafunga vidole, unalala, na anayekufunga ni mtu wa nyumbani kwenu. Hakuna mahali hapo kuna saluni.

Basi, hiyo ni hina. Rangi ya chupa nayo ina historia yenye moto ndani, na hapa ndipo anko anaingia.

Kitu kinachofanya rangi ya kucha ikauke na kuwa ngumu na yenye kung'aa, kwa miaka mingi na hadi leo kwa chupa nyingi, kinaitwa nitroselulosi. Inatengenezwa kwa pamba, au nyuzi nyingine za mimea, iliyotiwa kwenye asidi. Mwanakemia Christian Friedrich Schönbein, aliyefanya kazi mjini Basel, Uswisi, aliitangaza mwaka 1846. Kuna hadithi husimuliwa kwamba alikuwa anacheza na asidi zake jikoni, zikamwagika, akachukua aproni ya mke wake akapangusa, akaianika karibu na jiko. Ilipokauka ikalipuka na kutoweka. Iwe ilikuwa hivyo au la, kitu alichopata kilikuwa pamba ya baruti. Majeshi ya Ulaya yaliipenda sana kwa sababu ilikuwa na nguvu kuliko baruti ya kawaida na haikutoa moshi mwingi. Risasi na mizinga ya Vita vya Kwanza vya Dunia ilisukumwa na baruti za ukoo huo.

Ukiipunguza makali, kitu hichohicho kinatulia. Wakikichanganya na kafuri walipata seluloidi, plastiki ya kwanza kutumika sana, miaka ya 1870. Baadaye ikawa filamu za sinema. Ndio maana filamu za zamani zilikuwa zinashika moto kwa majumba ya sinema. Na ukiiyeyusha kwa kimiminiko kinachopaa haraka, unapata rangi ya kupaka ambayo kimiminiko kikishapaa inabaki utando mgumu.

Miaka ya mwanzo ya magari, kupaka gari moja na kungoja likauke kulichukua wiki kadhaa. Gari lile la Ford, Model T, kwa zaidi ya miaka 10 lilitoka kiwandani likiwa jeusi tu. Baada ya vita, viwanda vilikuwa na uwezo mkubwa wa kutengeneza nitroselulosi na hakuna tena mizinga ya kulishwa. Kampuni ya DuPont, iliyokuwa imetengeneza baruti tangu zamani, ikatoa rangi ya magari iitwayo Duco. General Motors waliitumia mwaka 1923 kwa magari ya Oakland ya mwaka uliofuata, na yalikuwa ya buluu. Kazi ya wiki ikawa kazi ya saa. Ghafla watu wangeweza kuchagua rangi ya gari.

Miaka hiyohiyo ya 1920, rangi ya kucha yenye nitroselulosi ikaingia sokoni. Ni kitu kimoja, Anko. Wewe gerejini unaambia mteja, "Hii ni NC, ile ni 2K." NC ni nitroselulosi. Thina unayoongeza na ile dawa yangu ya kutoa rangi kwa kucha ni za ukoo mmoja. Kitu kilichotoka kwa mzinga kikaenda kwa bodi ya gari na kwa vidole vya wanawake kwa wakati mmoja. Kwa bodi ya gari kikaitwa ufundi, na mtu anafungua gereji. Kwa vidole kikaitwa mchezo wa wasichana wavivu.

Angalieni pia ni wakati gani kilishika kasi. Mwaka 1932, uchumi wa Marekani ukiwa umeanguka vibaya sana, watu wakiwa hawana kazi, ndugu wawili, Charles na Joseph Revson, pamoja na mwanakemia Charles Lachman, walianza kampuni kwa dola 300. Herufi ya Lachman ndiyo ile L iliyo katikati ya jina Revlon. Walikuwa na bidhaa moja tu, rangi ya kucha. Rangi za wakati huo zilikuwa nyepesi, unaona ukucha kupitia humo. Wao walitia rangi nzito zilizofunika kabisa, na kwa hivyo wangeweza kutoa aina nyingi za nyekundu, kila moja na jina lake. Walianzia kwa saluni, kisha wakaingia maduka ya kawaida ambapo mtu yeyote angenunua chupa aende nayo nyumbani. Wakati mtu hawezi kununua nguo mpya, chupa ndogo anaiweza. Hiyo hesabu naijua vizuri. Saluni ya karibu na kwangu inaitisha mia nane. Chupa nilinunua mia moja pale Dubois Road, na imenipaka mara nyingi hadi nimeacha kuhesabu.

Lakini sitaki nifanye historia hii iwe tamu kuliko ilivyo. Kucha zilizopakwa rangi zilikuwa pia njia ya kuonyesha kwamba wewe si mtu wa kufua. Rangi nzuri inahitaji mikono isiyoshika jiko, jembe wala sabuni ya unga. Ukiona mkono wenye kucha safi nyekundu, unajua kuna mkono mwingine mahali fulani unaosugua.

Mama yangu ndiye alikuwa huo mkono mwingine. Alifua nguo za watu Eastleigh na Buruburu kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na mimi nilipokuwa darasa la sita hivi, nilikuwa nampaka kucha Jumamosi usiku ili aende kanisani Jumapili. Alipenda rangi ya zambarau. Ilidumu Jumapili yote. Jumatatu saa nne asubuhi, baada ya beseni la kwanza, ilikuwa imeanza kutoka vipande vipande, na jioni anarudi na vidoti tu vimebaki. Siku moja nilimwambia tuache basi, si unaona haidumu. Akaniambia, "Ilikuwa yangu Jumapili nzima. Paka." Nikapaka.

Shule nayo ilikuwa na maoni yake. Nilipoingia sekondari kulikuwa na matroni aliyekagua kucha na rula, na siku moja alikuta mstari mwembamba wa rangi uliobaki pembeni ya kidole gumba changu baada ya likizo. Alinikwangua kwa wembe mbele ya bweni lote. Aliniambia wasichana wenye kucha za rangi hawamalizi shule. Nilimaliza. Chuo ndicho sikumaliza, na sababu haikuwa rangi. Sababu ilikuwa salio la karo.

Huku kwetu Afrika Mashariki, mapambo ya wanawake yamekuwa jambo la siasa tangu zamani. Mwaka 1968, vijana wa chama cha TANU kule Tanzania walitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 wakapiga marufuku minisketi, wigi, krimu za kubadilisha ngozi na suruali za kubana, eti zinaharibu utamaduni wa taifa. Uganda, Idi Amin alipiga marufuku minisketi mwaka 1972. Wanaume waliokuwa wamevaa suti za Kizungu ndio walikuwa wanaamua mwanamke avae nini. Kwa hivyo anko akinisimamia juu ya viazi vyangu na kuuliza habari za kucha, anasimama kwenye foleni ndefu kuliko anavyojua. Nasema hivyo na ninampenda.

Rudi tena kwa historia, kwa sababu saluni nazo zilijibu. Miaka ya 1950, daktari wa meno huko Marekani, Frederick Slack, alivunjika ukucha kazini. Alikuwa na akriliki ya kutengenezea meno hapo mezani, akachukua karatasi ya alumini, akajijengea ukucha mwingine. Hizo akriliki zenu za leo zimetoka kwa kliniki ya meno. Kampuni ya CND ilianzishwa mwaka 1979 na daktari mwingine wa meno, Stuart Nordstrom. OPI nayo ilikuwa inauza vifaa vya meno kabla ya kugeukia kucha mwanzoni mwa miaka ya 1980. Baruti, gari, sasa meno. Kila mara kitu kilichoitwa sayansi ya wanaume kinaishia kwenye kidole cha mwanamke, na kila mara kikifika hapo kinaacha kuitwa sayansi.

Na kuna watu ambao kucha ziliwapa maisha. Mwaka 1975, Saigon ilipoanguka, wakimbizi wa Vietnam walifika Marekani, na wengine wakawekwa kwa kambi moja karibu na Sacramento, California, iliyoitwa Hope Village. Mwigizaji Tippi Hedren alikuwa anawasaidia hapo. Wanawake walizishangaa kucha zake, naye akamleta fundi wake wa kucha awafundishe. Walikuwa kama wanawake 20. Wakasomea kazi, wakapata leseni, wakafundisha dada zao na binamu zao. Leo karibu nusu ya mafundi wa kucha wa Marekani wana asili ya Vietnam. Walianza wakiwa kambini, bila lugha, wakiangalia vidole vya mtu.

Mwingine ninayempenda ni Florence Griffith Joyner. Alianza chuo California, pesa zikakosa, akaacha akaenda kufanya kazi benki ili asaidie familia yao. Kocha wake, Bob Kersee, alimtafutia msaada wa karo, akarudi, akamaliza UCLA mwaka 1983. Baadaye alirudi tena kazi ya benki, na jioni anasuka watu nywele na kuwatengeneza kucha. Mwaka 1988 akakimbia mita 100 kwa sekunde 10.49, na huko Seoul mwaka huohuo akakimbia mita 200 kwa sekunde 21.34, kucha zake ndefu zimepakwa nyekundu, nyeupe, buluu na dhahabu. Ninapoandika hivi, rekodi zote mbili bado zipo. Sisemi mimi ni yeye. Mimi nikikimbilia matatu napumua kama ng'ombe. Nasema tu kwamba mtu anaweza kuacha chuo, akapaka kucha, na hadithi yake ikawa bado haijaisha.

Sasa, kwa sababu najua mtaniuliza: hapana, si kila kitu cha saluni kinafaa kuletwa nyumbani. Rangi ya kawaida ya chupa, paka ukipenda, ila fungua dirisha na ukae mbali na jiko, kwa sababu kile nimewaeleza kuhusu baruti si hadithi, hiyo kitu inashika moto. Jeli ya kukaushwa kwa taa ni hadithi nyingine. Ikigusa ngozi kabla haijakauka sawasawa, mwili unaweza kuanza kuikataa, na mzio huo ukishaupata haukuachi. Unaweza hata kukusumbua siku utakapohitaji kujazwa jino, kwa sababu, kumbukeni, vitu ni vya ukoo mmoja. Muungano wa Ulaya umeamua kwamba jeli zenye HEMA zitumiwe na mafundi peke yao. Kwa hivyo jeli mwachie fundi wako, mlipe, na usimkopeshe maneno eti kazi yake ni rahisi.

Ya chupa ndiyo yetu. Na sheria yake kubwa ni moja, niliyojifunza kwa kuharibu kucha za mama Jumamosi nyingi. Usiweke nene. Ukiweka nene juu inakauka na chini inabaki maji, halafu inakunjika kama blanketi. Weka koti nyembamba, ngoja, weka nyingine nyembamba, ngoja.

Mwezi wa tatu nilienda Kariobangi Light. Nilikuwa nimepanga kumwambia anko haya yote, nimeyaandika hata kwa simu. Nilimkuta amesimama nyuma ya kijana wake, wamepiga msasa mlango wa Probox, kijana ameshika bunduki ya rangi. Anko akamwambia, "Usiweke nene. Nyembamba, ngoja ikauke, nyembamba tena. Ukiharakisha itakunjika."

Nilicheka peke yangu hapo. Akaniuliza nacheka nini. Nikatoa chupa kwa mfuko nikampa. Akaitikisa, akafungua, akanusa kidogo tu, vile anavyonusa mkebe. "Hii ni NC," akasema.

"Ndio, Anko."

Akaangalia chupa, akaangalia mlango wa Probox. Nikamweleza kidogo kuhusu Duco na yale magari ya buluu ya mwaka 1923. Hiyo alisikiza. Ya Operesheni Vijana sikumgusia. Alipomaliza kusikiza alienda kwa rafu akaniletea kamkebe ka buluu kaliyobaki kwa Subaru ya mtu, eti nijaribu. Ilibidi nimwambie hapana, rangi ya gari ina vitu visivyofaa ngozi ya mtu, yetu imechujwa. Akasema, "Kumbe kuna tofauti." Nikasema kuna tofauti, lakini ndogo kuliko alivyodhani.

Halafu akaniuliza, kwa sauti ya chini safari hii, kijana wake asisikie: "Na chuo utarudi lini?"

Nilimwambia ukweli, kwamba sijui. Salio bado liko, na hizi video zinalipa nyumba na unga, bado hazijafika karo. Akatikisa kichwa, akarudi kwa Probox yake. Hakuomba msamaha kwa ile ya Desemba na sikumdai. Nilipokuwa natoka akaita, "Hiyo nyekundu mletee mamako."

Mama anataka zambarau, Anko. Lakini nitamwambia umesema.

Na nyinyi mliosoma hadi hapa, niambieni: nani alikushika mkono akakupaka kucha mara ya kwanza, na ilikuwa hina ama Cutex?